Fungua na Funga: Staata ya Trekta na Somo la Kiswahili

Wenzetu wengi wanaoandika katika taarifa hii ya chama chetu hupenda kutuletea habari za ushairi, ngeli na methali, nasi huwashukuru kwa hayo. Leo naomba radhi za wahariri na za wasomaji niandike habari za chuma. Nataka kueleza jinsi tulivyoitengeneza nyumbani staata ya trekta dogo la bustani, na jinsi kazi hiyo ilivyonifikirisha juu ya lugha tunayoifundisha sisi tulio katika nchi jirani, ambako Kiswahili si lugha ya mama kwa walio wengi.

Nakaa katika kijiji kimoja karibu na Jinja, nchini Uganda, nami nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari tangu nilipopata stashahada yangu ya ualimu. Marehemu baba yangu alikuwa mtunza bustani wa mgeni mmoja kutoka Marekani. Mgeni huyo alipofunga safari ya kurudi kwao, alimwachia baba trekta lake la kukatia majani, la aina ya Cub Cadet. Matrekta hayo yalianza kutengenezwa na kampuni ya International Harvester mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kiwanda chake cha Louisville, jimbo la Kentucky. Yale ya kwanza yalikuwa na injini ya Kohler yenye silinda moja na nguvu za farasi 7. Kwa Wamarekani, hicho ni chombo cha kutengenezea ua wa nyumba. Kwetu sisi ni punda wa familia: hukata majani ya viwanja vya mpira, na hukokota kitoroli cha madumu ya maji, ndizi na kuni. Malipo ya kukata viwanja ndiyo yaliyonisomesha mimi, na ndiyo yanayosaidia karo ya watoto wangu hadi leo.

Basi msimu mmoja wa mvua, majani yalipokuwa yakiota kwa kasi na viwanja vinatungojea, trekta liligoma. Kwa muda wa wiki kadhaa mshale wa amita ulikuwa umelala upande wa kutoa, maana yake betri inanyonywa wala hairudishiwi kitu. Hatimaye asubuhi moja, ufunguo ulipozungushwa, ilisikika sauti ndogo tu, "tak", kisha kimya. Tulilisukuma mteremkoni likawaka, lakini chombo kinachohitaji watu wanne wa kukisukuma si chombo cha kufanyia kazi ya malipo. Haikupita siku tatu mnunuzi wa vyuma chakavu akaja mlangoni. Alilitazama trekta, akalizunguka, akataja bei kwa kilo. Fedha hizo zingetosha karo ya mtoto mmoja kwa muhula mmoja.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia jioni ile, "huyu mtu ana fedha mkononi, na sisi tuna chuma kisichowaka. Mwaka hauna muhula mmoja, najua. Lakini muhula huu ndio uliofika."

Alisema kweli, wala sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kuomba wiki mbili. Tulikubaliana hivyo: staata ikipona, trekta linabaki, isipopona, mnunuzi ataitwa.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze chombo chenyewe, maana si staata ya kawaida. Gari la siku hizi lina staata ya kuiwashia injini, na lina chombo kingine cha kuchaji betri. Katika matrekta madogo ya zamani, kazi hizo mbili hufanywa na chombo kimoja tu. Kimefungwa ubavuni mwa injini na kuunganishwa nayo kwa mkanda wa mpira. Unapozungusha ufunguo, betri hukipa umeme, nacho huuzungusha mkanda na kuiamsha injini. Injini ikishawaka, mambo hugeuka: injini ndiyo inayouzungusha mkanda, nacho chombo kile kile huanza kuzaa umeme na kuirudishia betri ilichokopa. Mkanda ni ule ule, ekseli ni ile ile, na upande wa kuzunguka ni ule ule. Kinachobadilika ni nani anampa nani.

Siri hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha huko Uingereza kwamba waya ukipita katika nguvu za sumaku huzaa umeme. Mwaka 1873, katika maonyesho makubwa ya Vienna, mashine ya Zénobe Gramme iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzaa umeme iliunganishwa na mashine nyingine ya namna hiyo hiyo, nayo ikaanza kuzunguka yenyewe. Watu wakaona wazi kwamba mashine moja yaweza kufanya kazi zote mbili. Na mwaka 1912, magari ya Cadillac yalitoka yakiwa na chombo kilichobuniwa na Charles Kettering na wenzake wa kampuni ya Delco, mjini Dayton, Ohio. Kilikuwa chombo kimoja kilichoiwasha injini na kuichaji betri. Kabla ya hapo dereva alizungusha hendeli kwa mkono wake, na injini ikirusha nyuma, hendeli iliweza kuuvunja mkono huo.

Kazi ya matengenezo niliifanya pamoja na watu wawili. Wa kwanza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeacha masomo kidato cha pili na sasa anafanya kazi gereji. Katika ripoti yake ya mwisho ya shule, ambayo si shule yangu, mwalimu wake wa Kiswahili aliandika: "Msamiati wake ni hafifu." Wa pili ni fundi mzee, jirani yetu, aliyejifunza ufundi katika karakana za reli mjini Nairobi wakati reli zetu zilikuwa za shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirudi kwao na sanduku la vifaa na Kiswahili cha kazi.

Jumamosi ya kwanza Mzee alikuja akakaa barazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Lete mita, usilete bisibisi kwanza. Mgonjwa huulizwa kabla ya kupasuliwa."

Mpwa wangu aliipima betri, ikasoma volti 12.6, yaani imejaa. Kisha aliweka ncha moja ya mita kwenye bolti kubwa ya staata iliyoandikwa A, na ncha nyingine kwenye bodi ya chuma, akaniambia nizungushe ufunguo. Mita ilisoma karibu volti zile zile za betri, wala hazikushuka. Mimi niliona ni habari njema kwamba umeme unafika. Mzee alitikisa kichwa.

"Umeme umefika mlangoni, lakini haukuingia ndani. Kama ungeingia ukafanya kazi, au ungeingia ukakwama, volti zingeanguka. Humo ndani kuna mahali pamekatika."

"Kaboni, Mjomba," alisema mpwa wangu. "Staata yenyewe haijafa. Kaboni ndizo zimeisha."

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika staata, pembamba ni kaboni. Umeme wa betri hauna budi kuingia katika kitu kinachozunguka, na waya uliofungwa hauwezi kuzunguka bila kujisokota. Kwa hiyo huwekwa vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi, vikigusa vipande vya shaba vilivyopangwa kulizunguka shina la amecha. Shaba huzunguka, kaboni hukaa. Kila mzunguko huila kaboni kidogo, na kwa kuwa chombo hiki hakipumziki injini iwakapo, kaboni zake huliwa mchana kutwa.

Tulitoa kwanza waya wa betri wa upande wa hasi, ili spana isije ikagusa chuma na kuleta cheche. Tukalegeza mkanda, tukafunga vitambaa vya rangi mbili kwenye nyaya za A na F tusije tukazichanganya, tukaishusha staata na kuiweka juu ya meza. Mpwa wangu alifungua bolti mbili ndefu zinazopita mwilini mwote, akakichomoa kifuniko cha nyuma. Vumbi jeusi likamwagika. Kaboni moja ilikuwa imebaki kipande kifupi mno, springi yake imefika mwisho wala haisukumi kitu. Nyingine ilikuwa imekwama katika nyumba yake kwa uchafu. Shaba za amecha zilikuwa nyeusi, zimechimbika mfereji, na mika inayotenganisha shaba na shaba ilikuwa imesimama sawa na shaba zenyewe. Bushi ya shaba nyeusi katika kifuniko nayo ilikuwa imelika, hata shina likawa linacheza.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, Mzee alitaka kujua kama amecha ni nzima. Tulichukua balbu ndogo na betri. Ncha moja tuliigusisha kwenye shaba, nyingine kwenye shina la chuma. Balbu haikuwaka, na hiyo ndiyo habari njema, kwa sababu ingewaka ingekuwa umeme wa waya unavujia kwenye chuma. Kisha tukapima koili za sumaku kutoka A hadi F. Hapo balbu iliwaka, nayo pia ilikuwa habari njema, kwani waya wa koili haukukatika. Mke wangu, aliyekuwa akitazama, aliuliza inakuwaje balbu kuzimika ni heri na kuwaka ni heri. Mpwa wangu alimweleza kwa maneno machache na kwa ufasaha kuliko nilivyoweza mimi: "Mahali pa kupita, Mama, tunataka upite. Mahali pa kuzuiwa, tunataka uzuiwe."

Amecha ilipelekwa mjini kwa fundi wa mashine ya kukereza, akaikwangua shaba hadi ikawa laini na ya duara kamili, akakereza na bushi mpya. Kaboni ndizo zilizotusumbua. Muuza vipuri mmoja alitupa kaboni za mashine ya kutobolea mbao, ambazo zingeingia baada ya kupigwa tupa kidogo. Mzee alizikataa. Kaboni nyeusi tupu, alisema, hupitisha umeme kwa shida. Staata hunywa umeme mwingi kwa mara moja, kwa hiyo kaboni zake huchanganywa na shaba, nazo ukizitazama juani zina wekundu. Tulipata kaboni za staata ya gari zilizokuwa kubwa kuliko zetu, tukazipunguza kwa tupa na msasa hadi zikateleza vizuri katika nyumba zake.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kazi ndogo ndogo zisizotaka haraka. Mpwa wangu alichukua kipande cha msumeno wa chuma, akaichimba mika katikati ya kila shaba na shaba kwa kina kisichotimia milimita 1, ili kaboni iguse shaba tu. Kisha akauzungushia msasa mwembamba kwenye shaba, uso wake wa kukwaruza ukiwa nje, akaigeuza amecha kwa mkono polepole mpaka kaboni zikapata mviringo wa shaba zenyewe. Aliyapuliza mavumbi yote yakatoka. Alipomaliza kuifunga staata tuliijaribu mezani: chanya ya betri kwenye A, hasi kwenye bodi, na kipande cha waya kutoka F hadi bodini. Ilizunguka kwa utulivu, bila kelele.

Tuliirudisha mahali pake, tukaukaza mkanda kiasi kwamba ukiusukuma kwa kidole katikati unabonyea kama nusu inchi. Ufunguo ukazungushwa, injini ikashika. Mshale wa amita ukavuka kwenda upande wa kupokea, na mita ikasoma karibu volti 14. Mnunuzi wa vyuma chakavu hakuitwa. Jumatatu tulikata uwanja wa kwanza.

Sasa nije kwenye somo la lugha, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tangu Jumamosi ya kwanza niliweka daftari mezani nikaandika kila neno lililotamkwa kwa ajili ya kazi. Mwishoni nilikuwa na maneno 68. Nilipoyapanga niliona historia nzima ya lugha yetu. Msasa ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo mafundi wa seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuja. Lehemu ilitoka kwa Waarabu. Parafujo, ambayo Mzee huitumia hadi leo badala ya skrubu, ni ya Wareno. Spana, nati, bolti, betri na gia ni za Waingereza. Mgeni akisikia orodha hiyo aweza kusema ni lugha ya kuokoteza. Lakini majina ndiyo yaliyokopwa, vitenzi havikukopwa. Kazi yote ilitendwa kwa vitenzi vyetu: kukaza, kulegeza, kubana, kuchomeka, kupachika, kukwangua, kukereza, kuteleza, kulika, kuvuja, kushika.

Tena kuna jambo moja ambalo kila mwalimu wa sarufi atalipenda. Sote tunajua taabu ya kuwafundisha wanafunzi kauli ya kutendua. Tunaandika ubaoni funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, nao wanakariri kama kasuku. Gereji ni darasa la kauli hiyo. Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya kutendua tupu: tulifungua bolti, tulichomoa kifuniko, tulipachua kaboni, tuliikwamua ile iliyokwama, tukapangua kila kitu mezani. Jumamosi ya pili ilikuwa ya kutenda: tulipanga, tukapachika, tukachomeka, tukafunga. Matengenezo yote ni safari ya kutoka kutenda hadi kutendua na kurudi tena. Na fundi hujua, bila kuambiwa na mwalimu, kwamba si kila kitenzi chenye mwisho wa -ua ni cha kutendua. Akikwangua shaba hatengui kitu kilichokuwa kimekwangwa. Na waya ukiungua, hauwi umetoka katika kuungwa. Mwanafunzi aliyeshika spana mkononi hawezi kuchanganya mambo hayo.

Najua pingamizi litakalotolewa na baadhi ya wenzangu. Watasema Kiswahili cha gereji si sanifu, na kwamba sisi wa Uganda, ambao lugha hii imetupitia katika njia ngumu, ndio tunaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Pingamizi hilo lina uzito. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa kuwa watu wengi walikisikia midomoni mwa askari, wengi wakakiogopa na kukichukia. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitekeleza kama lugha rasmi ya Jumuiya, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, bado wapo wazazi wanaouliza watoto wao watafanya nini na lugha ya vitisho. Je, tuwajibu kwa lugha ya mafuta na vumbi?

Mimi naona ndiyo, kwa sababu hiyo ndiyo historia yetu nyingine, ambayo haikutangazwa na jemadari yeyote. Wakati wa hofu kulikuwako pia Kiswahili cha karakana za reli, cha bandarini Kisumu na Port Bell, cha viwandani Jinja, ambako Mluo, Msoga, Mgisu na Mkamba walishika chuma kimoja na kuambiana "kaza" na "legeza" bila kutishana. Mzee wetu alikipata humo. Kiswahili hicho hakikumdhuru mtu, kilimpa riziki. Mzazi akikisikia hicho, ataelewa upesi mtoto wake atafanya nini nacho.

Wala sisemi tuache usanifu. Mpwa wangu husema "hii trekta" na "zile madumu", nami humsahihisha, naye hacheki wala hakasiriki. Lakini kusahihisha upatanisho wa mtu ni jambo moja, na kumwandikia kwamba msamiati wake ni hafifu ni jambo lingine. Kijana huyo anayo majina ya vitu ambayo walimu wengi hawana, na vitenzi vinavyokaa mahali pake kama beringi katika nyumba yake. Upungufu ulikuwa katika maswali ya mtihani, ambayo yalimuuliza habari za ikulu na uwanja wa ndege, wala hayakumuuliza habari za kitu alichokijua.

Wiki moja baada ya trekta kupona, nilimwomba aje darasani kwangu na staata nyingine mbovu. Alisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu akaifungua yote, akitaja kila kiungo na kila tendo, kisha akaifunga. Wanafunzi waliandika. Msichana mmoja alimuuliza: "Kaka, ukisema 'imeliwa', nani ameila?" Alifikiri kidogo akajibu: "Kazi ndiyo inayoila." Mwalimu gani angepata mfano bora wa kauli ya kutendwa? Baadaye dada yangu alinieleza kwamba jioni hiyo alimkuta mwanawe ameitoa ile ripoti ya zamani ya shule sandukuni, anaisoma. Hakuichana. Aliikunja, akairudisha.

Ndugu walimu, kila mji tunamofundisha una gereji, una fundi wa redio, fundi wa baiskeli, au mwenye cherehani. Napendekeza kila mmoja wetu awapeleke wanafunzi wake huko mara moja kwa muhula, na daftari, na amri moja tu: wasisahihishe kitu kabla ya kusikiliza. Wakirudi darasani, waandike maelezo ya kazi waliyoiona, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili sanifu. Hapo watahitaji ngeli, watahitaji nyakati, watahitaji kauli zote za kitenzi, na watazihitaji kwa sababu wana jambo la kusema. Kuuliza si ujinga, na fundi akiulizwa na mwalimu huona fahari.

Orodha yangu ya maneno 68 nimeipiga chapa. Nitaileta katika mkutano wetu ujao, na atakayekuja na ya kwake, ya baiskeli au ya cherehani, tutabadilishana.